Kinamasi Nilichokilinda kwa Chuki

Ndombi alizikwa Jumamosi iliyopita, nami nilikwenda mapema nikapata kiti cha mbele. Watu wa rika langu walinitazama wakajua kilichonileta. Vijana waliokuwa wakipanga viti vya plastiki hawakujua, wakanikaribisha kwa heshima wakidhani mimi ni jamaa wa marehemu, nami sikuwasahihisha. Nilikaa chini ya hema, nikasikiliza kwaya, nikasikiliza hotuba za waliosema alikuwa mtu wa watu na mpenda maendeleo, na walipofungua jeneza ili tumuage nilipanga foleni kama wengine. Nilimtazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, mpaka mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akanigusa bega. Nilitaka kuwa na uhakika. Jina langu ni Rehema, na kwa jina hilo nimechekwa sana.

Wageni wanaokuja siku hizi na darubini zao kutazama ndege huniuliza nilianzaje kuyapenda mazingira. Wananikuta nimevaa gambuti, nimezeeka, nawaonyesha kichuguu ambako fisi-maji huota jua, nawaonyesha korongo taji na vifaranga vyao kati ya mafunjo, na wanadhani hii ni kazi ya mtu mwenye moyo laini. Wengine hunipiga picha. Huwa nawajibu kwamba nililelewa kando ya maji, jambo ambalo si uongo, nao huondoka wameridhika. Lakini sasa Ndombi yuko chini ya ardhi, na sioni sababu ya kuendelea kuwafurahisha watu. Kinamasi hiki, kilichoko upande wa Matungu, ambako kijito chetu hupumzika kabla ya kuingia Nzoia, sikukilinda kwa mapenzi. Mapenzi yalikuja baadaye, tena polepole. Nilikilinda kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja aliyetaka kukikausha, na mimi nilitaka mtu huyo aishi miaka mingi akikitazama kikiwa kimejaa maji.

Mwaka ninaousema ni ule uliofuata nilipomaliza sekondari. Mambo ya kwetu nyumbani nayaacha. Nilikwenda kukaa na senge wangu, dada ya baba, jina lake Mwajuma, ambaye nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya mafunjo kuanza. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, na chumba cha mbele hakikuwa na kiti hata kimoja. Mikeka ilisimama imekunjwa kila ukutani, mingine imefika darini, na harufu ya mafunjo yanayokauka ilikuwa nzito kiasi kwamba niliporudi kutoka sokoni Mumias nilijua nimekaribia hata kabla ya kuona paa. Tulikula sakafuni. Senge alikausha kambale juu ya moshi, akawapika kwa mrenda na obusuma bwa wimbi, yaani ugali wetu, na kila Ijumaa alichoma ubani, akatandika mkeka mpya, akasema, "Leo tunakula kama wageni." Alisuka akiongea. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe, yeye akiniambia ni nani alimwoa nani na kwa nini alikosea. Alikuwa mwenye maneno, senge, na alikuwa na ulimi ambao wanaume waliuogopa. Mafunjo alikata kwa zamu, upande huu mwaka huu, upande ule mwaka ujao, na wanawake wote wa mikeka walifuata zamu hiyo hiyo, ndiyo maana nzohe waliendelea kuzaa humo ndani bila kusumbuliwa. Nzohe ni swala wa majini, mwenye kwato ndefu za kutembelea matopeni. Unaweza kukaa kando ya kinamasi miaka kumi usimwone.

Juu yetu, mlimani, alikaa Ndombi. Alikuwa na kandarasi ya kusafirisha miwa, matrekta, nyumba ya mawe yenye veranda pana inayotazama chini kwenye maji. Miwa yake ilikuwa imeshuka mwaka hadi mwaka, na ule mwaka ilifika ukingoni. Akachimba mtaro mrefu kupitia katikati ya mafunjo ili maji yakimbilie mtoni haraka. Wanawake walilalamika kwa chifu. Chifu akasema ataangalia.

Kiangazi kilipokolea, moto ukawaka. Ilikuwa mchana kweupe, upepo ukivuma kutoka mlimani. Nilikuwa ng'ambo nikiteka maji niliposikia mlio kama wa mvua kubwa, nikageuka nikaona moshi. Korongo waliruka wote kwa pamoja wakizunguka juu na kulia. Nilikimbia. Senge alikuwa kwenye ukingo ambako alikuwa ameanika mafunjo ya msimu mzima, na alikuwa anayavuta mafungu yaliyokwisha kushika moto kwa mikono yake mitupu, anavuta na kurudi, anavuta na kurudi, kana kwamba haoni anachokishika. Nilimshika kanzu nikamburuta. Wakati namburuta, nzohe jike alitoka ndani ya moshi akapita karibu yetu hata nikasikia harufu ya manyoya yake yakiungua. Huyo ndiye nzohe wa kwanza niliyemwona maishani. Alikimbia mpaka barabarani, na huko watu walimpokea kwa mapanga. Jioni hiyo kuna nyumba zilizokula nyama.

Mikono ya senge ilipona kwa maana ya hospitali. Ngozi ilijifunga. Lakini vidole vilikunjika ndani ya viganja, vikabaki hivyo, na hakusuka tena.

Kulikuwa na baraza kwa chifu. Ndombi alisimama akiwa ameshika kofia yake kifuani, akaongea kwa sauti ya chini ya mtu mwenye huruma, na wafanyakazi wake walikuwa wameweka mbele ya watu gunia la unga na sukari ya kumpa senge. Akasema ajali kama hizi zinatokeanga watu wakipika ovyo kando ya majani makavu. Senge, bandeji zikiwa bado mikononi, akasema, "Mimi nilikuwa nimefunga siku hiyo. Ningempikia nani mchana?"

Ndombi hakusita. "Basi ni yule msichana anaishi na wewe. Mtoto wa shule anajua nini? Alikuwa anajipikia. Tusimlaumu sana."

Nilikuwa nimekaa kati ya wanawake, nimejifunika leso mpaka machoni. Hakunitafuta kwa macho. Hakuhitaji kunijua. Alihitaji tu mtu wa kubeba moto wake, na mimi nilikuwepo. Kuanzia siku hiyo, kisimani, sokoni, hata mlangoni mwa msikiti, niliwasikia nyuma yangu: ndiye yule aliyemchoma senge yake.

Nikamwambia senge nitaichoma miwa yake. Nilikuwa na kiberiti mfukoni nilipomwambia. Alikuwa ameegemea mikeka yake ya zamani, ile ambayo hatukuwa tumeiuza, na mimi nilikuwa namlisha obusuma kwa mkono wangu, tonge baada ya tonge. Alitafuna mpaka akamaliza.

"Ukiichoma," akasema, "ataikata kesho na kuipeleka kiwandani, watampokelea tu. Miwa iliyoungua wanasaga. Halafu wewe utafungwa, na watu watasema, si tulisema? Tumia akili, mwanangu. Yule mtu anataka nini?"

"Anataka shamba."

"Anataka pakauke. Sasa mimi nataka apaone pamejaa maji mpaka siku anakufa. Wallahi, hicho tu. Nipe maji ninywe."

Mke wa Ndombi aliitwa Mama Nekesa, na alikuwa anatafuta msichana wa kazi. Nikamwachia jirani kazi ya kumlisha senge, nikapanda mlimani nikajipeleka mwenyewe, ili nijue Ndombi anapanga nini. Alinikuta uani, akaniangalia kwa muda, akaangalia mikono yangu, akaniuliza kama najua kupika. Nikasema najua. Hakuniuliza natoka wapi. Siku ya tatu au ya nne Ndombi aliingia jikoni kutafuta maji ya kunywa, akauliza bila kunitazama, "Huyu ni wa wapi?" Kabla sijafungua mdomo, Mama Nekesa akajibu akiwa anapepeta mchele, "Ni wa Mautuma, kule kwetu." Ndombi akanywa maji akatoka. Mama Nekesa akaendelea kupepeta. Nilielewa kwamba alinijua tangu nilipoingia uani, na kwamba kwa sababu zake mwenyewe alikuwa ameamua kunificha. Sababu zake niliziona siku moja alipoinama kuogesha watoto na blauzi ikapanda mgongoni, nikaona makovu.

Nyumba ile naikumbuka chumba kwa chumba. Sebule ilikuwa na makochi makubwa yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, kabati la vioo lenye vikombe visivyotumiwa, na picha za Ndombi akisalimiana na wakubwa. Kati ya jikoni na sebule kulikuwa na kidirisha cha kupitishia vyakula, chenye kipazia tu, na kila neno lililosemwa mezani lilishuka kwetu pamoja na sahani chafu. Mimi nilikula jikoni, mboga na obusuma, kwa sababu kuku wao hakuchinjwa na Mwislamu, na Mama Nekesa aliizoea hali hiyo akawa ananiwekea mrenda pembeni bila kuuliza. Wiki zile nilijifunza kuosha vyombo bila sauti.

Mchana mmoja msimamizi wake wa shamba, Wafula, alikuja kula. Nilikuwa nimesimama karibu na kidirisha na Mama Nekesa alikuwa akikatakata sukuma kando yangu. Wafula akasema, "Bosi, watu bado wanaongeanga juu ya hiyo moto. Sisi tuliwasha huku juu tu, kama ulivyosema. Hatukujua upepo itaipeleka mbio hivyo."

Ndombi akacheka na chakula mdomoni. "Wacha waongee. Ile mama ilikuwa inatusumbua na mikeka yake. Sasa atasuka na nini?"

Kisu cha Mama Nekesa kilisimama. Kisha kikaendelea.

Ndombi akaeleza mpango wake. Alikuwa ameomba apewe sehemu ile yote kuwa shamba, na mpima ardhi pamoja na afisa wa mazingira wangekuja kuikagua. "Lazima waje kabla ya mvua. Wakute pakavu, hakuna maji, hakuna mnyama, wataandika ni shamba tu. Nitawaalika wiki ijayo, tuwachinjie kuku, ingokho ya kwetu, wakule washibe."

Jioni alimwambia mkewe aandae. Mama Nekesa akasema wiki ijayo hatakuwepo. Mama yake kule Mautuma anapanda mahindi na hana mtu, lazima aende, na akirudi kuna mkutano wa akina mama wa kanisa. Ndombi alifoka. Lakini hakuwa mtu wa kuwapokea wakubwa katika nyumba isiyo na mke, kwa hiyo ziara ikasogezwa mpaka baada ya Pasaka, akisema hata mvua ikija mtaro utayaondoa maji. Asubuhi ya safari yake Mama Nekesa alinikuta nikifagia uani, akaniambia kama anayeniagiza chumvi, "Jumapili mzee atakuwa kanisani, ni yeye anasoma neno. Wafula na wenzake wanaendanga kuangalia mpira. Wewe pumzika siku hiyo, uende nyumbani."

Nilikwenda nyumbani, na Jumapili hiyo tuliuziba mtaro. Wanawake wa mikeka walikuja karibu wote, hata wale waliokuwa wakininong'ona, kwa sababu Senge alikuwa amewapelekea ujumbe kila mmoja: njoo, au usinisalimie tena. Tulijaza udongo katika magunia ya sukari, tukayashusha mtaroni mahali ulipoanzia, mahali pembamba, tukayafungia kwa mashina ya mafunjo yenye mizizi mibichi ili yashikane na kuota. Tulikuwa ndani ya matope mpaka kiunoni. Senge alikaa ukingoni akielekeza kwa kidevu. "Weka hapo. Si hapo, hapo! Unaweka kama unalaza mtoto? Kanyaga!" Kutoka kanisani mlimani tulisikia wakiimba. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, na mimi nimeolewa na nimezaa.

Mvua ilikuja siku chache baadaye, nayo ilikuja kwa nguvu. Maji yalifika kwenye mtaro yakagoma, yakageuka, yakasambaa. Vichipukizi vya mafunjo vikatoka ndani ya majivu, kijani kibichi kama vitunguu. Kutoka kwenye dirisha la jikoni nilitazama maji yakipanda kwenye mistari ya chini ya miwa ya Ndombi, mstari baada ya mstari, na nilipokuwa nasugua masufuria nilijikuta naimba. Yeye alisema ni mafuriko ya kawaida, yataondoka. Ulikuwa msimu wa matope, wala hakushuka kuangalia. Alimtuma Wafula, na Wafula aliogopa kumwambia mtaro umezibwa, kwa sababu angeulizwa alikuwa wapi.

Basi wageni wakaja. Mpima ardhi alikuwa kijana mwembamba mwenye haya. Afisa wa mazingira alikuwa mama wa makamo, mnene, aliyeomba gambuti kabla hata ya kuombwa aketi. Walishuka, wakakaa huko muda mrefu, na waliporudi yule mama alikuwa amelowa mpaka mapajani, uso unang'aa. Korongo walikuwa wamerudi kutaga. Ndombi alikuwa nyuma yao, viatu vyake vizuri vimeharibika, anaeleza kwamba hayo ni maji ya mvua tu.

Tulikuwa tumepika tangu alfajiri, na kuku alichinjwa na mzee wa msikitini kwa sababu mpima ardhi alikuwa Mwislamu, kwa hiyo siku hiyo hata mimi ningeweza kula. Niliingia na sinia la wali. Afisa alikuwa anauliza, "Nimeona pameungua vibaya sana. Nani aliwasha moto huo?"

"Ah, hiyo ilikuwa ajali," akasema Ndombi. "Kuna kamama kanaishi hapo chini. Msichana wake alikuwa anapika."

Niliweka sinia mezani. Nilikuwa nimefikiri siku hiyo ikifika nitapiga kelele, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya chini, karibu ya upole, kama ile yake siku ya baraza.

"Msichana huyo ni mimi," nikasema. "Mwajuma ni senge yangu. Siku ile nilikuwa ng'ambo nateka maji. Moto waliuwasha watu wako, huku juu, kama ulivyowaambia. Wafula alisema hapo ulipokaa. Na wewe ukasema, 'Sasa atasuka na nini?'"

Ndombi alinitazama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunitazama usoni, na nililiona jambo nililokuwa nimelingoja tangu barazani: alikuwa ananitafuta kumbukumbuni na hanipati. Alikuwa amekula kwa mkono wangu miezi yote hiyo.

"Muongo!" akasema. "Huyu ni mfanyakazi tu, ni wa Mautuma! Mama Nekesa! Kuja uambie wageni huyu msichana ni muongo."

Mama Nekesa akaja akijifuta mikono kwenye aproni. Akasimama kando yangu, bega kwa bega, wala hakumtazama mumewe. Alimwambia yule afisa, mwanamke kwa mwanamke: "Siku hiyo tulikuwa jikoni sisi wawili. Yale amesema, na mimi nilisikia."

Hakuna aliyekula. Wali ulipoa mezani, na mpima ardhi akaanza kufuta miwani yake ambayo haikuwa na uchafu.

Ningependa kusema alifungwa. Hakufungwa. Polisi walichukua maelezo yetu, wakayachukua tena, kisha mambo yakafifia kama yanavyofifianga mtu akiwa na matrekta. Alilipa kidogo hapa na pale, nadhani, sijui. Lakini ombi lake la shamba lilikataliwa. Vigingi vya zege vilipandwa mbali na maji, ndani kabisa ya miwa yake, na akaamriwa aing'oe miwa yote iliyokuwa upande wa kinamasi na kuufukia mtaro kwa gharama yake. Kundi la wanawake wa mikeka likapewa ulinzi wa mahali hapo. Mama Nekesa aliondoka na watoto wake, akaenda Mautuma kulima mahindi kwenye shamba la mama yake. Nilimsindikiza mpaka stendi. Nilitaka kumshukuru, nikashindwa nianze wapi, naye akaniambia, "Usinishukuru. Sikufanya kwa ajili yako." Tukacheka mpaka watu wakageuka.

Mimi nilibaki. Nilikuwa nimeitwa chuo cha ualimu, sikwenda. Mafunjo yote niliyopanda mahali palipoungua niliyapanda upande unaoonekana vizuri kutoka veranda yake. Watu waliponiambia, Rehema, sasa yameisha, msamehe, niliwauliza kama yeye ameniomba. Hakuwahi. Barazani alinitwika moto mbele ya umma, na mpaka anafunikwa udongo juzi hakuwahi kusimama mbele ya umma huo huo kuutua.

Senge ndiye aliyejua kulipiza kuliko mimi. Mwishoni mwa mwaka ule, mafunjo yalipokuwa yamenizidi kimo, akaniomba nimvalishe buibui lake jipya na tupande mlimani. Nikadhani anataka kumtukana mtu, nikafurahi. Ndombi alikuwa amekaa verandani peke yake na chai. Senge akasimama nje ya lango, mahali ambapo barabara ni ya wote, akainua mikono yake miwili juu, vile vidole vilivyokunjika vikiwa wazi kwenye jua, akaita kwa sauti ya furaha kabisa:

"Jirani! Assalamu alaikum! Umeamkaje? Maji umeyaona lakini? Yamependeza!"

Ndombi hakujibu. Senge akangoja, mikono ikiwa juu. Wapita njia wakaanza kusimama. Akaita tena, kwa furaha ile ile, na akaendelea kungoja, mpaka yule mtu mkubwa akalazimika kuweka kikombe chini, akainua mkono wake akasema, "Salama, mama."

"Alhamdulillahi," akasema Senge. Tulipokuwa tunashuka akaniegemea begani, akapumua kama mtu aliyeshiba. "Tutakuja tena Ijumaa," akasema. Na tulikwenda, Ijumaa ile na kila Ijumaa iliyofuata, maadamu yeye aliweza kutembea.